Kwa Nini Kulazimishwa Kubadilisha Nywila Kila Mwezi Hudhoofisha Usalama?

Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi mjini Kisumu, aliyeinua kibodi ya karani wa malipo angekuta kipande cha karatasi chenye maneno manne yaliyokatwa kwa kalamu: Dunga@01, Dunga@02, Dunga@03, Dunga@04. La tano, ambalo halikuwa limekatwa, mtu angelijua hata kabla ya kulisoma.

Karani yule hakuwa mzembe. Mfumo ulimdai nywila mpya kila baada ya siku 30, yenye herufi kubwa, tarakimu na alama, na alipokosea mara tatu akaunti ilifungwa, akalazimika kumngoja fundi wa kompyuta huku wazee waliotoka mbali wakiwa wamesimama dirishani.

Masharti ya namna hii yalienea kutokana na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr, mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, naye mwaka 2017, akiwa amestaafu, alikiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri huo. Kosa halikuwa katika hesabu. Nywila ya herufi nane, ikichanganya kila aina ya alama na kuchaguliwa kwa bahati nasibu, kweli ni ngumu kukisia. Lakini binadamu hachagui kwa bahati nasibu. Akilazimishwa kusahau alichokizoea, hushika neno lilelile na kuongeza namba mwishoni, na wadukuzi wanaifahamu tabia hiyo vizuri kiasi kwamba programu zao hujaribu mabadiliko hayo kwanza.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza akaunti zaidi ya 7,700 ambazo wenyewe walikuwa wakilazimishwa kubadilisha nywila. Waligundua kwamba anayeijua nywila ya zamani aliweza kukisia mpya kwa majaribio yasiyozidi matano katika asilimia 17 ya akaunti. Isitoshe, mwizi aliyeipata nywila kwa kawaida huitumia mara moja. Hangoji mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana mwongozo mpya wa NIST wa mwaka 2017 ulishauri kwamba mtumiaji asilazimishwe kubadilisha nywila kwa kufuata kalenda, ila pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja, na kwamba asilazimishwe kuchanganya aina za herufi. Badala yake mfumo ukubali nywila ndefu, ukikataa zile ambazo tayari zimo katika orodha za nywila zilizoibwa. Mimi naliona hili kuwa jambo la haki kwa mfanyakazi, si la ufundi peke yake. Ukiunda nywila ndefu kwa kutoa kwa bahati nasibu maneno manne kutoka orodha ya maneno 5,000 ya Kiswahili, tuseme omena, jembe, tarumbeta na kivuli, umechagua mpangilio mmoja kati ya trilioni 625, nao hukaa kichwani baada ya kuuandika mara chache.

Karani yule angeyaweka maneno yake manne mwaka mzima bila kusumbuliwa, na angelazimika kuyabadilisha siku moja tu: siku ambayo mtu mwingine aliinua kibodi.