Mlimani, chuo kilichogawa vitivo vyake

Ninafundisha historia ya elimu ya juu, na karibu kila mwaka nasoma tasnifu inayoanza kueleza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ukubwa wake wa leo: ndaki, shule kuu, taasisi. Kwa njia hiyo mtu hawezi kukielewa. Mlimani, kama chuo hiki kinavyoitwa, lazima ihesabiwe pamoja na vitivo ilivyovitoa.

Masomo yalianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Chuo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, chenye kitivo kimoja na wanafunzi wasiozidi 14, wote wa sheria. Kwa nini sheria? Makerere ilikwisha kuwa na udaktari na Nairobi ilikuwa na uhandisi, lakini aliyetaka shahada ya sheria ilimbidi aifuate ng'ambo. Vyuo vitatu vilipounganishwa mwaka 1963 kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mgawanyo huo uliendelea. Ndiyo maana Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria Dar.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Enzi za Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha hapo, na midahalo yake zimeandikwa sana, sitazirudia.

Tangu Julai 1, 1970 Mlimani ikawa chuo kikuu kamili. Kisha ikaanza kugawa. Kitivo cha kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Muhimbili, iliyofanywa chuo kishiriki mwaka 1991, ikajitegemea mwaka 2007, na Ardhi mwaka huohuo. Fikiria: chuo kimoja kinaachia kilimo, udaktari na usanifu majengo, halafu watu wanakilinganisha na Makerere kwa kuhesabu vitivo vilivyobaki! Huko ni kukionea.

Wala hakikukaa na mapengo hayo. Mwaka 2005 kilipata vyuo vishiriki vya ualimu, Chang'ombe na Mkwawa kule Iringa. Baadaye kikaanzisha upya kilimo, na madaktari wake sasa wanasomea Mbeya.