Jina la Ukoo Lenye Tahajia Ngumu: Kosa la Herufi Moja na Namna ya Kulizuia

Mtu ambaye jina lake la ukoo haliandikiki kirahisi huzoea kulikuta limekosewa kwenye barua, risiti na orodha za mahudhurio, na wengi hufika mahali wakaacha kusahihisha kwa kuona haya kumsumbua karani. Sisi tunaoshughulika na kumbukumbu tunaiogopa haya hiyo kuliko kosa lenyewe. Herufi ambayo ingerekebishwa papo hapo huja kugunduliwa miaka mingi baadaye, mwenye jina anapodai pensheni au warithi wake wanapofuatilia mirathi, na hapo huhitajika hati ya kiapo, vielelezo na subira.

Chanzo chake ni kwamba karani huandika anachosikia, na sikio hufuata sauti za lugha lililoizoea. Msomaji akikutana na Smith na Smyth hushuku kuwa huenda ni mtu yuleyule, lakini kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi huwahesabu kuwa watu wawili. Mwaka 1918 Robert Russell wa Marekani alipewa hataza ya mfumo wa kupanga majina kwa sauti, ambao ndio uliozaa Soundex: herufi ya kwanza hubaki, na konsonanti zinazofuata hugeuzwa tarakimu, hivyo Smith na Smyth yote hupata S530. Hata hivyo, Carlsen hupata C642 na Karlsen K642, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi. Kwa sababu hiyo, ikikosewa herufi ya kwanza, jalada lako laweza kukosekana hata kwa mfumo uliobuniwa kuvumilia makosa.

Pasipoti inahitaji uangalifu wa pekee. Mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wenye picha, yenye nafasi 44 kila mmoja, hufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na hukubali herufi A hadi Z zisizo na alama yoyote, tarakimu na alama ya kujazia nafasi. Müller aweza kusomeka humo MUELLER, na O'Connor huwa OCONNOR. Hilo si kosa wala hakuna haja ya kulilalamikia. Unapokata tiketi, andika jina kama lilivyo katika mistari hiyo, kwa mpangilio uleule.

Kwingineko, usitaje jina lako kwa mdomo pale unapoweza kuonyesha hati. Kwenye simu, litaje herufi moja moja, kisha mwombe anayeandika akusomee alichoandika. Soma fomu kabla ya kuitia sahihi, na usikubali kurahisishiwa tahajia kwa muda, kwa maana nakala ya muda ndiyo itakayonakiliwa kesho. Kwa makarani wenzangu naomba jambo moja: jina mnalodhani mnalifahamu ndilo mliangalie mara mbili, kwani jina geni humfanya mtu aulize, ilhali lililozoeleka hukisiwa.

Cheti kilichokwisha kutolewa na kosa kisirekebishwe kwa mkono, hata kama kosa ni dogo kiasi gani, kwa kuwa hati iliyofutwafutwa hutiliwa shaka. Kirudishwe katika ofisi iliyokitoa, pamoja na hati ya awali kabisa yenye tahajia sahihi.