Karani amekosea wapi? Mabaki katika hesabu za mashindano

Boriti za mikoko hapa Lamu huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti ishirini. Ukiwa na boriti 437, una korija 21 na boriti 17 za juu. Katika hesabu za mashindano, hizo 17 ndizo zenye maneno. Korija 21 unaweza kuzisahau.

Ninaowaandikia ni wanafunzi wa sekondari wa huku kwetu, Lamu hadi Malindi, pamoja na walimu wanaowaandaa. Karatasi ya kwanza ya hesabu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina saa mbili na nusu, na mtahiniwa hujibu maswali 21: dakika saba hivi kwa swali. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanzia Romania mwaka 1959, hutoa maswali matatu kwa siku, kwa saa nne na nusu. Swali moja, saa moja na nusu, alama 7. Aliyezoea kusaka fomula kwa dakika saba atazimaliza fomula zake zote robo saa ya kwanza, kisha abaki kuitazama karatasi. Ndiyo maana napenda kuanza na mabaki. Hayadai fomula. Kugawanya ulifundishwa shule ya msingi; kilichobaki ni kujua ugawanye kwa ngapi.

Chukua swali hili. Boriti zimelazwa safu n, kila safu ina boriti n. Karani amezifunga korija korija, akaandika daftarini kuwa zimebaki 12. Thibitisha kuwa karani amekosea.

Wengi huanza vizuri. Wanajaribu n = 1, 2, 3 na kuendelea, wanatafuta mraba wake, wanatoa korija zilizomo. Mabaki yanakuja hivi: 1, 4, 9, 16, 5, 16, 9, 4, 1, 0, halafu 1, 4, 9 tena. Kumi na mbili haimo. Wanaandika "kwa hivyo haiwezekani" na kufunga kalamu. Alama zimepotea hapo hapo, kwa sababu jedwali la namba kumi na tatu halijasema lolote kuhusu n = 3,847. Msahihishaji ataona umegundua mwendo wa mabaki, lakini hujaonyesha kwa nini mwendo huo hauvunjiki huko mbele.

Kilichokosekana ni mstari mmoja. Andika n = 10q + r, ambapo r ni tarakimu ya mwisho ya n. Basi

n² = 100q² + 20qr + r².

100q² ni korija kamili. 20qr ni korija kamili. Kwa hivyo n² inabakisha kile kile inachobakisha r², na r haina pa kwenda zaidi ya 0 hadi 9. Sasa jedwali lile lile ulilokwisha kulichora linatosha kwa namba zote, hata 3,847: tarakimu ya mwisho ni 7, 7² ni 49, yabaki 9. Mabaki yanayowezekana ni 0, 1, 4, 5, 9 na 16 tu.

Kwa nini 10 na si 20? Ukiandika n = 20q + r hujakosea, ila utakagua namba ishirini. Kumi inatosha kwa kuwa ukipanua mraba, kipande cha katikati hujirudufu: 2 × 10 × q × r, na ishirini imeshapatikana. Unaweza hata kupunguza zaidi. Ona jedwali linavyojikunja, 1 ni sawa na 9, 2 ni sawa na 8. Andika n = 10q ± r, r kuanzia 0 hadi 5, na una namba sita tu za kukagua.

Ipo njia fupi zaidi. Karani anadai n² = 20k + 12, yaani 4(5k + 3). Basi n ni shufwa; iite 2m, ubaki na m² = 5k + 3. Lakini mraba ukigawanywa kwa 5 hubakisha 0, 1 au 4, kamwe si 3. Inapendeza, ila inadai jicho lililoiona ile 4. Kwa anayeanza, napendelea ya kwanza. (Anayesahau ipi shufwa na ipi witiri akumbuke sala ya witri: rakaa zake ni moja, tatu, tano, hazigawiki kwa mbili.)

Alama ya mistari mitatu, ≡, ambayo mwanahisabati Mjerumani Gauss aliileta mwaka 1801, inafupisha maandishi: n² ≡ r² kwa mabaki ya 20, yaani zote mbili zikigawanywa kwa 20 hubakisha sawa. Itumie ukishaizoea. Kabla ya hapo andika kwa maneno, hakuna anayekatwa alama kwa maneno.

Hatari ya alama hiyo ni kwamba inafanana mno na =. Kujumlisha, kutoa na kuzidisha pande zote mbili ni halali. Kugawanya ndiko kunakozamisha. 5 × 3 ni 15. 5 × 7 ni 35, nayo inabakisha 15 baada ya korija moja. Ukikata tano pande zote utapata kuwa 3 na 7 zinabakisha sawa, na huo ni uongo mtupu. Unaruhusiwa kukata namba pale tu ambapo haishiriki kigawanyo chochote na 20 isipokuwa 1: 3, 7 na 9 sawa, 2, 4, 5 usizikate.

Kwenye saa, Mswahili amezaliwa ndani ya mabaki bila kuambiwa. Mshale uko kwenye 7, yeye anasema saa moja. Mshale uko kwenye 3, anasema saa tisa, na hajashtuka kwamba 3 kutoa 6 ni hasi 3, wala kwamba hasi 3 kwenye duara la 12 ni 9. Mwanafunzi anayehangaika na mabaki ya namba hasi mpeleke kwenye saa ya ukutani.

Ila saa ina mtego wake. Sasa ni saa tatu asubuhi. Baada ya saa 13¹⁰¹ kupita itakuwa saa ngapi? Kwa mabaki ya 12, 13 ni 1, na 1 kwa kipeo chochote ni 1, basi ni saa nne. Ya asubuhi au ya usiku? Mabaki ya 12 hayajui. Swali linalotofautisha mchana na usiku linataka mabaki ya 24. Hapo 13² = 169 = 7 × 24 + 1, yabaki 1. Vipeo shufwa vinabakisha 1, vipeo witiri vinabakisha 13. Mia na moja ni witiri: saa tatu asubuhi ongeza 13, ni saa nne usiku.

Kosa jingine la vipeo ni kubwa kuliko hilo, nalo huwapata hata wazuri. Leo ni Ijumaa. Siku 2¹⁰⁰ kuanzia leo itakuwa siku gani? Wanajua wiki ni saba, basi wanaigawanya 100 kwa 7, yabaki 2, wanaandika 2² = 4, wanahesabu hadi Jumanne. Kipeo hakizunguki kwa saba. 2, 4, 8: hiyo 8 imebakisha 1, kwa hivyo mzunguko wa vipeo ni wa tatu. 100 ni 3 × 33 + 1, yabaki 2¹ = 2, na jibu ni Jumapili.

Mabaki ya 2 yanaonekana madogo, lakini tazama bao: safu nne, mashimo manane kila safu, jumla 32. Chonga vipande vya mti, kila kimoja kifunike mashimo mawili yanayopakana. Acha wazi mashimo mawili ya pembe zinazokabiliana kwa mshazari. Je, vipande 15 vitafunika 30 zilizobaki? "Thelathini gawanya kwa mbili ni kumi na tano, basi ndiyo" ni jibu la haraka na si sahihi. Kila shimo lipe namba: safu yake jumlisha nafasi yake. Kipande chochote kinafunika shimo moja shufwa na moja witiri. Pembe ulizoziacha ni 1 + 1 = 2 na 4 + 8 = 12, zote shufwa. Zimebaki shufwa 14 na witiri 16, na vipande 15 vinataka 15 kwa 15.

Usikimbilie kusema kuwa ukiondoa pembe mbili haiwezekani. Ondoa pembe mbili za safu moja: 1 + 1 = 2 na 1 + 8 = 9. Sasa zimelingana, na inawezekana. Vipande vitatu kwenye safu hiyo, vinne vinne kwenye zilizobaki. Hapa kulingana peke yake hakutoshi kuwa jibu, lazima uonyeshe mpango wenyewe.

La kujaribu mwenyewe: mashua tano zimetia nanga, kila moja na idadi yake ya magunia. Thibitisha kuwa daima zipo tatu ambazo jumla ya magunia yake yanagawika sawa kwa maduka matatu. Zipange kwa mabaki ya 3, kisha uulize kama mabaki yote matatu yapo au la. Mashua nne hazitoshi: weka magunia 3, 6, 4 na 7, ujumlishe tatu tatu uone.