Kinga dhidi ya ufuatiliaji kwenye kivinjari: maana yake nini?

Juzi nikiwa kwenye daladala ya Mbagala nilitafuta bei ya friji dogo, mara moja tu. Usiku nafungua tovuti ya mpira niangalie matokeo, friji lile lile limekaa pembeni. Asubuhi kwenye habari, lipo tena. Wengi husema simu inasikiliza. Wala.

Kinachofanya kazi hapo ni kidakuzi, au kuki: data kidogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari chako (programu unayofungulia tovuti) ili ikukumbuke. Kilibuniwa Netscape mwaka 1994, na chenyewe hakina ubaya; bila hicho ungeingiza nywila kila ukurasa. Tabu ipo kwenye vidakuzi vya watu wa pembeni. Umeingia duka la Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwenye duka akikukumbuka, sawa. Ila kuna dalali kakaa kwenye kona na daftari, anaandika ulichoshika. Ukienda Mwenge, unamkuta mwenzake na daftari hilo hilo. Dalali huyo ndiye kampuni ya matangazo.

Kinga ya kivinjari hulipasua daftari hilo. Safari, kivinjari cha Apple, ilianza kuwabana madalali mwaka 2017, na tangu Machi 2020 inazuia vidakuzi vyao vyote. Firefox, tangu 2022, humpa dalali daftari jipya kila duka, asiweze kuunganisha Kariakoo na Mwenge. Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa vidakuzi hivyo kwenye Chrome, ikasogeza tarehe, ikasogeza tena, mwisho ikaviacha. Kwa hiyo mwenye Android anayetumia Chrome avizime mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha.

Hali fiche (incognito) ni kitu kingine kabisa. Inafuta historia ya ulichofungua humo, kwenye simu yako tu, asiione shemeji uliyemwazima. Mtandao unaokuuzia bando bado unaona tovuti unazokwenda.

Na dalali mjanja hahitaji hata daftari. Anasoma ukubwa wa skrini, lugha, fonti na saa za eneo lako, anakutambua kama mtu anavyotambulika kwa mwendo. Vivinjari vya Brave na Firefox hujaribu kupunguza hilo, havilimalizi.

Ukiwasha kinga kali, tovuti moja moja itagoma: video haichezi, au kitufe cha kuingia kimekufa. Usizime kinga yote. Kwenye Firefox ya kompyuta, bonyeza alama ya ngao karibu na anwani, uiruhusu tovuti hiyo peke yake.