Mbio za Sakafuni: Yanayosemwa Kuhusu Majaribio ya NFL, na Ukweli Wake

Machi 2024, ndani ya uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Texas aitwaye Xavier Worthy alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21. Rekodi iliyodumu miaka saba ikaanguka, na kufumba na kufumbua video ikawa kwenye simu za watu ambao hawajawahi kutazama hata robo moja ya mechi ya futiboli ya Kimarekani. Mabishano yakaanza, na kama kawaida ya mabishano ya mtandaoni, wenye uhakika mwingi ndio waliokuwa na habari chache.

Kwa asiyefuatilia: kila mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, vijana zaidi ya 300 wanaomaliza kucheza vyuoni huitwa Indianapolis kupimwa mbele ya timu zote 32 za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Tukio hilo wenyewe huliita Kombaini. Aprili inafuata drafti, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, raundi saba. Vipimo vya Indianapolis vinasemwa mengi, na mengi kati ya hayo hayasimami.

“Sekunde 4.21! Huyu angemwacha Bolt”

Tuanze na saa. Yadi 40 ni mita 36.58. Katika riadha, saa huanza kuhesabu bastola inapolia, kwa hiyo muda ambao mkimbiaji anautumia kusikia mlio na kuanza kujisukuma unaingia kwenye hesabu yake. Indianapolis hakuna bastola. Kijana anainama, mkono mmoja chini kwenye mstari, anatulia, halafu anaondoka anapotaka mwenyewe. Pembeni yupo mtu mwenye kitufe mkononi ambaye anaibonyeza saa pale anapoona mwili umetikisika. Mwisho wa mbio ndipo mwale wa kielektroniki unapoisimamisha. Kwa hiyo muda wa kuitikia mlio haumo kabisa, na mwanzo wa hesabu unategemea jicho na kidole cha binadamu. Kuilinganisha namba hiyo na muda wa mita 100 wa Olimpiki ni kulinganisha vitu viwili vilivyopimwa kwa mizani tofauti.

Bolt mwenyewe aliwahi kuijaribu. Mwaka 2019, akiwa tayari amestaafu, alikimbia yadi 40 mjini Atlanta kwenye shamrashamra za wiki ya Super Bowl, yaani fainali ya NFL, amevaa suruali ya mazoezi na raba za kawaida, akapimwa 4.22. Kipimo hicho hakikuwa rasmi, lakini kinatosha kuwatuliza waliokuwa wakipiga kelele.

Upande wa pili, DK Metcalf, mpokeaji, yaani mchezaji ambaye kazi yake ni kudaka mipira inayorushwa, alikimbia 4.33 Indianapolis mwaka huohuo wa 2019, akiwa na kilo 103. Mei 2021 akaingia kwenye mbio halisi za mita 100 huko California pamoja na wanariadha wa kulipwa. Alimaliza kwa sekunde 10.37, wa mwisho katika kundi lake. Binafsi nilimvulia kofia, maana kwa mwili ule, 10.37 si mchezo. Lakini ilionesha tofauti iliyopo kati ya kuwa na kasi miongoni mwa wacheza futiboli na kuwa na kasi miongoni mwa watu ambao kasi ndiyo kazi yao ya kila siku.

“Kombaini ni mbio na kuruka tu”

Hiki ndicho kinachoonekana kwenye televisheni, basi watu wanadhani ndicho chote. Historia inasema vingine. Mkusanyiko wa kwanza ulifanyika Tampa, Florida, mwaka 1982, ukiwa na wachezaji 163, na shabaha kubwa ilikuwa daktari. Kabla ya hapo, kila timu ilimsafirisha kijana kivyake ili apimwe na madaktari wake. Kijana anayetakwa na timu nyingi alizungushwa mji hadi mji kupigwa picha ileile ya goti lilelile. Ikaonekana ni uchovu na gharama za bure. Afadhali wote waje mahali pamoja, wapimwe mara moja, majibu yagawanywe. Tangu 1987 mahali hapo pamekuwa Indianapolis, mji ambao uwanja, hoteli na hospitali ziko karibu karibu.

Hata leo ukiwauliza wanaofanya kazi hiyo, wengi watakwambia sehemu wasiyokubali kuikosa ni ya hospitali. Kijana anapita mbele ya madaktari wa timu mbalimbali, huyu anavuta goti, yule anapinda bega, mwingine anauliza kuhusu kisigino alichoumia akiwa sekondari. Mwaka 2013 Star Lotulelei wa Utah, aliyetajwa miongoni mwa wachezaji bora wa mwaka ule, alifika akiwa tayari kwa mazoezi, kipimo cha moyo kikaonesha dosari, akazuiwa kukimbia hata hatua moja. Alifanyiwa uchunguzi zaidi, akaruhusiwa, na Carolina Panthers wakamchukua katika nafasi ya 14. Hakuna kamera iliyoonesha saa hizo za wasiwasi, ila kwa timu zilizokuwa zikimfikiria zilikuwa na uzito kuliko mbio zote za wiki ile.

Kuna na mahojiano. Timu inaruhusiwa kukaa rasmi na wachezaji 45, kila mmoja kwa dakika chache. Kijana anaoneshwa video ya mchezo alioharibu, anaambiwa aeleze alikuwa anafikiri nini. Zamani walifanyishwa pia mtihani wa akili wa maswali 50 kwa dakika 12, ambao alama zake zilivuja kila mwaka na kuwadhalilisha watu bila faida. Ligi iliuondoa mwaka 2022, na sijasikia anayeulilia.

“Aliyevunja rekodi ndiye atakayewika”

Hapa pana mifano hadi basi. Rekodi aliyoivunja Worthy ilikuwa ya John Ross, sekunde 4.22, mwaka 2017. Cincinnati Bengals walimchukua Ross katika nafasi ya 9. Mwaka huohuo, mpokeaji mwingine aitwaye Cooper Kupp, kutoka chuo kisicho na jina kubwa cha Eastern Washington, alikimbia 4.62, muda wa kawaida sana kwa nafasi yake. Akasubiri hadi raundi ya tatu, nafasi ya 69. Msimu wa 2021 Kupp aliongoza ligi nzima kwa mipira aliyodaka, kwa yadi na kwa touchdown (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani), kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Ross alisumbuliwa na majeraha na hakuwahi kuwa mpokeaji wa kutegemewa.

Mwaka 1999 kulikuwa na Justin Ernest. Jaribio la chuma ni hivi: unalala chali kwenye benchi, unanyanyua kilo 102 mara nyingi uwezavyo. Ernest alinyanyua mara 51. Siku ya drafti hakuna timu iliyomwita. Ukilifikiria vizuri, jaribio lile linapima pumzi ya misuli kuliko nguvu ya kishindo kimoja, na mpira unahitaji kishindo. Mwenye mikono mirefu naye anaonewa, kwa sababu chuma chake kinasafiri mbali zaidi kila mara, ilhali uwanjani mikono hiyohiyo ndiyo silaha yake.

Lakini jina linalotajwa zaidi ni Mike Mamula wa Boston College. Mwaka 1995, wakati vijana wengi walifika na kufanya walichojaliwa, yeye alikuwa ameyafanyia mazoezi majaribio yenyewe, moja baada ya jingine, kama mwanafunzi aliyepata mitihani ya miaka iliyopita. Aliwaduwaza. Philadelphia Eagles walibadilishana nafasi na Tampa Bay ili wapande kutoka ya 12 hadi ya 7 wakamchukue. Tampa Bay, waliokubali kushuka, wakamchukua Warren Sapp katika nafasi ileile ya 12, na Sapp leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Nimtetee Mamula kidogo, kwa sababu anasemwa vibaya kupita kiasi. Aliwaangusha makwotabeki, yaani warushaji wa mpira, mara 31 na nusu katika misimu mitano (nusu ni pale walinzi wawili wanapomwangusha mtu pamoja). Hakuwa mbovu hata kidogo, ila aliuzwa kwa bei isiyo yake. Anayestahili zaidi kutajwa kwa kuangusha matumaini ni Vernon Gholston, aliyechukuliwa wa 6 na New York Jets mwaka 2008 baada ya vipimo vya kutisha, akakaa misimu mitatu bila kumwangusha kwotabeki hata mara moja, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Tangu Mamula, kila wakala anamlipia kijana wake kambi ya mazoezi kuanzia Januari. Wanafundishwa namna ya kuweka vidole kwenye mstari, namna ya kuinua kichwa, hatua ngapi hadi yadi ya kumi. Kwa hiyo sehemu ya namba unazoziona ni kipaji, na sehemu ni kozi.

“Basi vipimo ni upuuzi mtupu, mtazame Brady”

Hii ni dhana ya upande wa pili, na inapendwa na wanaojiona wajuzi. Ndiyo, mwaka 2000 Tom Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, akaruka juu sentimita 62 tu, akachaguliwa wa 199, kisha akashinda Super Bowl saba. Lakini Brady alikuwa kwotabeki. Kazi yake ni kusoma mabeki, kuamua ndani ya sekunde mbili tatu na kurusha mpira pale mpokeaji atakapokuwapo, na katika majaribio yote ya mbio na kuruka hakuna hata moja linalopima hayo. Tena hata chuoni Michigan alikuwa akigawana dakika na kwotabeki mwenzake aliye mdogo kwake kwa umri, Drew Henson. Miguu mizito haikuwa sababu pekee ya timu kumpita.

Ukweli ni kwamba kipimo kinasema kitu pale kinapofanana na kazi ya mchezaji. Jitu la mstari wa mbele lenye kilo 140 halitakimbia yadi 40 moja kwa moja labda mara moja kwa msimu, kwa hiyo wajuzi wanaangalia yadi zake kumi za kwanza. Beki anayekimbizana na wapokeaji, huyo yadi 40 zake zina maana kweli. Uzito nao lazima uingie kwenye hesabu: 4.6 ya mwenye kilo 85 na 4.6 ya mwenye kilo 120 ni habari mbili tofauti kabisa.

Mfano mzuri ni Aaron Donald, mwaka 2014. Akiwa na kilo 129 alikimbia 4.68 na kunyanyua chuma mara 35. Namba zilikuwa zikipiga kelele. Waliosita walisita kwa sababu ya urefu, walimwona mfupi kwa mchezaji wa katikati ya mstari. Alichukuliwa wa 13, akawa mlinzi bora wa ligi mara tatu. Pale vipimo vilisema kweli, macho ya watu ndiyo yaliyokosea.

Na yule Metcalf wa 4.33 alikuwa na namba nyingine ambayo watu hawaikumbuki. Kuna jaribio la koni tatu zilizopangwa mithili ya pembe ya chumba, yadi tano kati ya moja na nyingine. Unakwenda, unagusa mstari, unarudi, unazunguka, unakata kona. Metcalf alitumia sekunde 7.38. Brady, yuleyule wa 5.28, alitumia 7.20. Timu zikaona mwili wa ajabu usiopenda kona, zikamwacha hadi mwisho wa raundi ya pili, nafasi ya 64. Seattle walimchukua na kumtumia kwa njia zilizonyooka zaidi, naye akawa nyota. Kipimo hakikudanganya. Kilichohitajika ni mwalimu wa kukielewa.

“Asiyekimbia Indianapolis hachaguliwi”

Marvin Harrison Jr. hakukimbia kabisa mwaka 2024, akachukuliwa wa 4. Caleb Williams mwaka huohuo alikataa hata vipimo vya madaktari vya pale, akaona havina haja kwa timu ambazo hazina uwezekano wa kumpata. Chicago Bears wakamchukua wa kwanza. Wasiojulikana hawana jeuri hiyo, ila wao nao wana siku za majaribio zinazofanyika vyuoni mwao mwezi Machi, ambako wasaka vipaji hufika.

“Na sisi Waafrika mambo hayo hayatuhusu”

Mwaka 2013 Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa akicheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Hakupitia Kombaini wala drafti. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, na timu yenyewe ni ya mji uleule ambao vijana wa vyuo hupimwa. Hakudumu sana, lakini mlango ulionekana.

Mwaka 2017 ligi ilianzisha mpango maalumu wa wachezaji wa nje. Jordan Mailata, mcheza raga wa Australia, alipitia huko, akajaribiwa Florida na kuchaguliwa wa 233 mwaka 2018 na Eagles. Februari 2025 alikuwa na kombe la Super Bowl mkononi. Upande wa Afrika, NFL imeendesha kambi za kusaka vipaji Ghana, na mwaka 2023 ikafika Nairobi, vijana wa raga na mpira wa kikapu wakipimwa mbio, kuruka na kukata kona.

Kwa vijana hao hesabu inageuka. Kijana wa Alabama ana misimu mitatu ya video, na namba zake zinakuja tu kuthibitisha au kutia shaka. Kijana wa Kisumu au Arusha hana video hata moja ya mchezo huo. Msaka vipaji anayemtazama ana urefu wake, uzito wake, muda wa yadi kumi na namna anavyozunguka ile koni ya tatu.