Waozeshaji ni kina nani hasa?

Ukitaja bakteria au fangasi mtu anawaza taifodi na muwasho wa vidole vya miguu, wakati wanaotuletea magonjwa ni wachache mno kwenye kundi lote. Kazi yao kubwa ni kuozesha, na kuoza sio kitu "kuharibika chenyewe" kama tunavyosema nyumbani, kitu kinachooza kinaliwa, ila anayekula humuoni.

Chukua mgomba. Ukishakata mkungu unalikatakata lile shina unaliacha hapo hapo, zinapita mvua halipo tena, limeenda wapi? Fangasi hana mdomo wala tumbo, anatoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vinasaga chakula pale pale kilipo alafu yeye anafyonza, yaani kwake kumeng'enya kunatangulia kula. Bakteria nao mtindo ni huo huo. Kaboni nyingi inarudi hewani kama hewa ya ukaa, ila naitrojeni na fosforasi zinaachwa kwenye udongo na yale machipukizi ya pembeni yanazivuta kwa mizizi, maana mmea hauwezi kula jani, lazima mtu amsagie kwanza mpaka ziwe chumvichumvi zinazoyeyuka kwenye maji.

Kwenye mti mgumu fangasi ndo fundi, kuna kitu kinaitwa lignini ndo kinaupa mti ule ugumu na bakteria wengi wanachemka hapo. Hata mchwa anachemka! Hawa wetu wa vichuguu vikubwa ni wakulima kabisa, wanatafuna mbao zako wanapeleka ndani, zinapita tumboni hazijasagika sawasawa, kile kinachotoka wanakijengea kama masega na juu yake wanaotesha fangasi, akishailainisha ile mbao ndo wanarudi kuila. Mvua zikianza huyo fangasi anachomoza nje, ndo ule uyoga wa kichuguuni watu wanauwahi alfajiri na ndoo. Na uyoga sio mmea jamani, hautumii jua kutengeneza chakula, kuta za seli zake zina kaitini, kitu kile kile kilichopo kwenye ganda la panzi, ndo maana mwaka 1969 mwanabiolojia wa Marekani Robert Whittaker aliwapa fangasi himaya yao peke yao, yaani kundi kubwa kama lile la mimea au la wanyama.

Alafu kuna bakteria ambao hawaozeshi chochote. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni lakini mmea hauwezi kuigusa hivo ilivyo, sasa mikunde kama kunde, karanga na maharage inawapangisha bakteria mizizini, mmea unawalisha sukari wao wanaibadilisha ile naitrojeni iwe chakula cha mmea. Ng'oa mche wa kunde taratibu utaona vinundu kwenye mizizi, pasua kimoja kwa ukucha, ukikuta ndani kuna wekundu ujue wapo kazini.