Treni Ikifutwa Wakati Barabara Imechimbwa

Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa kwenye foleni simu ilipolia. Mtoto, aliyekaa kiti cha nyuma, akanisomea ujumbe wa mama yake: "Baba, treni imefutwa. Mnaweza kurudi kunichukua?" Hatukuweza. Mbele yetu palikuwa na mtaro wa bomba la maji uliozungushiwa koni, na nyuma yetu magari yamebanana, hakuna pa kugeuzia. Mke wangu alifika kazini saa tatu kasoro robo, na mwenzake aliyekesha zamu ya usiku alikuwa bado anamsubiri ampokee.

Mimi ni mhandisi wa usafirishaji. Watu wa reli walisema matengenezo ya usiku yamechelewa kwisha. Watu wa barabara walisema bomba lilikuwa linavuja, lisingeweza kungoja. Nawaamini wote wawili. Lakini hakuna kati yao aliyeieleza asubuhi ile, kwa sababu hasara yetu haikutoka kwenye mtaro peke yake wala kwenye treni peke yake.

Tuanze na mtaro. Njia moja ya barabara, magari yakifuatana kwa nafasi ya sekunde mbili, hupitisha magari 1,800 kwa saa. Ukifunga upande mmoja kwa urefu wa mita 300 na kuweka taa za kupokezana, pande zote mbili zinagawana njia iliyobaki. Wengi hudhani basi kila upande unapata nusu. Haupati. Taa ikiwa nyekundu, gari la mwisho bado liko ndani, na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa linahitaji sekunde 36 kutoka. Sekunde hizo haingii mtu, si wa huku wala wa kule. Kila upande ukipewa sekunde 60 za kijani, mzunguko mzima ni sekunde 192, na kila upande hupitisha magari kama 560 kwa saa. Chini ya theluthi ya uwezo wake!

Sasa chukulia magari 700 yanakuja asubuhi hiyo. Baada ya saa moja, 140 yamebaki nje. Kila gari na nafasi yake hula kama mita saba, kwa hiyo foleni ni kilomita moja. Inaudhi, lakini familia inaweza kuizoea: unatoka mapema, basi.

Kisha treni inafutwa. Treni ya abiria elfu moja ikikosekana, wengi watasubiri inayofuata. Tuseme mmoja tu kati ya kumi anaingia kwenye gari. Ni magari 100 ya ziada, idadi ambayo barabara nzima ingeimeza bila mtu kugutuka. Kwenye barabara yenye mtaro, foleni inatoka magari 140 hadi 240, karibu kilomita moja na mita mia saba. Na haiondoki yenyewe. Wingi ukipungua kufikia magari 450 kwa saa, foleni hupunguza magari 110 tu kila saa. Ile ya 140 ingekwisha kwa saa moja na robo. Ya 240 inachukua zaidi ya saa mbili. Aliyetoka nyumbani saa mbili, ambaye hata hajui kama kuna treni iliyofutwa, analipia magari yaliyoingia saa moja iliyopita.

Kuhusu reli sitasema mengi, ila niwatetee mafundi. Usiku wao ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye ratiba. Wanangoja treni ya mwisho ipite, wanathibitisha njia imefungwa, wanaingiza mashine, na kabla ya treni ya kwanza lazima watoe kila kitu na kukagua. Wakishagusa kokoto zilizo chini ya mataruma, yale magogo au zege yanayobeba reli, treni za mwanzo hupita polepole mpaka kokoto zishindiliwe na kutulia. Huo ni usalama, na sitaki mtu aupunguze kwa ajili ya haraka yangu.

Ninachokikataa ni ile kauli ya "ucheleweshaji mdogo". Treni zikija kila dakika 20, anayefika kituoni bila kuangalia saa husubiri wastani wa dakika 10. Zikija zilezile tatu kwa saa, lakini moja baada ya dakika 5 na inayofuata baada ya 35, hivyohivyo kwa kupokezana, wastani wa kusubiri unapanda kupita dakika 15, kwa sababu watu wengi zaidi hufika ndani ya lile pengo refu. Kwenye ripoti, idadi ya treni haijabadilika hata moja.

Mke wangu amekuwa akiandika safari zake kwenye daftari dogo la mtoto. Kati ya siku 20, siku 14 alitumia chini ya dakika 50, siku nne kama 65, na mbili zilipita 100. Wastani haufiki saa moja. Lakini mtu anayepokea zamu hapangi siku yake kwa wastani. Anapanga kwa zile siku mbili, kwa hiyo anaamka mapema siku zote 20. Usingizi huo hauandikwi popote, na mimi ndiye ninayeuona, anapofunga viatu akiwa amefumba macho.

Nimeziandikia ofisi zote mbili barua moja, yenye hesabu ya magari 240 na nakala ya ukurasa wa daftari. Sikuomba bomba liachwe livuje wala reli isikarabatiwe. Nimeomba kalenda ya kazi iwe moja: usiku ambao reli imefungwa kwa matengenezo karibu na mtaro ule, mtaro ufunikwe kwa mabamba ya chuma na njia zote mbili ziachwe wazi hadi saa tatu asubuhi. Mabamba yenyewe tayari yapo, yamepangwa kando ya koni. Nayapita kila siku.